Horatius Bonar: Mtunzi wa Nyimbo Aliyemngoja Bwana



Katika jubilei kama hii tunawashukuru walimu wa kwaya, waimbaji waliotutangulia na wazee waliotuombea. Tusiwasahau pia wale waliotunga nyimbo tunazoimba. Wengi wao hatuzijui sura zao. Majina yao tunayaona kwa maandishi madogo chini ya wimbo, tunafunua ukurasa, tunaendelea. Mmoja wao ni Mchungaji Horatius Bonar wa Uskoti, aliyeandika nyimbo zaidi ya 600. Jambo moja liliushika moyo wake tangu ujana hadi uzee, nalo ni kurudi kwa Bwana Yesu. Aliliandikia vitabu, akahariri jarida juu yake, akabishana na wenzake kwa ajili yake, na zaidi ya yote akaliimbia. Ukitaka kuelewa kwa nini nyimbo zake zina huzuni na furaha pamoja, anzia hapo.

Nyumba ya wachungaji

Horatius alizaliwa Edinburgh tarehe 19 Desemba 1808. Baba yake, James Bonar, alikuwa mwanasheria katika idara ya ushuru wa serikali na mzee wa kanisa aliyeheshimika. Ukoo wao ulikuwa umetoa wachungaji kizazi baada ya kizazi. Ndugu zake wawili, John James na Andrew, nao wakawa wachungaji, na watatu hao walisaidiana maisha yao yote.

Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako mwalimu wake wa thiolojia alikuwa Thomas Chalmers, mhubiri aliyejulikana kote Uskoti. Siku hizo za masomo, mhubiri mwingine kwa jina Edward Irving alikuja Edinburgh kutoka London kufundisha kitabu cha Ufunuo. Mafundisho yalianza alfajiri, saa kumi na mbili, na bado watu walijaa hadi milangoni. Irving alifundisha kwamba Kristo atarudi mwenyewe, kwa mwili, na kwamba kanisa lilikuwa limelala. Baadaye Irving alivuliwa uchungaji kwa sababu ya mafundisho mengine, na jina lake likaacha ubishi mwingi. Lakini vijana wa nyumba ya Bonar walikuwa wameshaguswa. Walirudi kwenye Biblia zao wakajisomea wenyewe unabii, na hawakuuacha tena.

Watoto wa Leith

Alipomaliza masomo, Horatius alipelekwa Leith, mji wa bandari ulio karibu na Edinburgh, kuwa msaidizi wa mchungaji. Huko alikabidhiwa Shule ya Jumapili. Wakati huo makanisa ya Uskoti yaliimba Zaburi zilizopangwa kwa mashairi, pamoja na vifungu vichache vya Maandiko. Hapakuwa na kinanda. Mwimbishaji alisimama mbele, akaanzisha sauti, na watu wakamfuata. Nyimbo zilizotungwa na wanadamu hazikuruhusiwa katika ibada.

Bonar aliona kwamba watoto walichoka. Maneno yalikuwa ya kale na sauti zilikuwa nzito kwao. Basi akafanya jambo ambalo mwalimu yeyote wa watoto angelielewa. Alichukua sauti ambazo watoto walizijua tayari na kuzipenda, akaziandikia maneno mepesi ya injili. Watoto wakaimba kwa furaha. Mtunzi wa nyimbo 600 alianzia hapo, akitafuta njia ya kuwafanya watoto wa bandarini waimbe.

Kelso, na mwaka 1843

Mwishoni mwa mwaka 1837 aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kelso, mji mdogo kando ya mto Tweed, karibu na mpaka wa Uingereza. Alikaa huko karibu miaka 29. Alihubiri, alitembelea wagonjwa, na aliandika vijitabu vifupi vya injili vilivyosambazwa mbali sana na Kelso.

Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti liligawanyika. Kiini cha mgogoro kilikuwa swali hili: nani ana haki ya kumweka mchungaji juu ya ushirika? Sheria iliwapa matajiri wenye ardhi nguvu ya kumchagua, hata washirika wakimkataa. Wachungaji zaidi ya 450, kati ya takriban 1,200, walitoka. Waliacha mishahara, nyumba na majengo ya kanisa, wakaanzisha Kanisa Huru la Uskoti. Bonar alikuwa miongoni mwao. Mwaka huo huo alimwoa Jane Lundie, binti wa mchungaji, ambaye naye alikuwa mtunzi wa nyimbo.

Atarudi lini, na kwa namna gani?

Hapa yafaa tueleze kwa ufupi jambo lililowagawa Wakristo wa wakati wake, na ambalo hata leo huzua mjadala baada ya ibada. Wote walikiri kwamba Yesu atarudi kuwahukumu walio hai na wafu. Swali lilihusu ile miaka elfu ya Ufunuo sura ya 20. Je, Kristo atarudi baada ya miaka hiyo au kabla yake?

Wachungaji wengi wa Uskoti waliamini atarudi baada yake. Walisema injili itaendelea kuenea hadi mataifa yote yamtii Kristo, dunia ipate muda mrefu wa amani, kisha ndipo Bwana aje. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo siku zile. Wamisionari walikuwa wakienda kila bara, vyama vya Biblia vilichapisha Maandiko kwa lugha nyingi, na Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha mwaka 1833 sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake. Dunia ilionekana kama inayopanda ngazi.

Wengine, wakimfuata Augustino wa Hippo, waliona miaka elfu kuwa ishara ya kipindi chote cha kanisa, tangu Kristo alipofufuka hadi atakaporudi. Kwa hao, hakuna hesabu ya miaka ya kufanya.

Bonar alikuwa upande wa tatu. Aliamini kwamba Kristo atarudi kwanza, na kuja kwake ndiko kutakakoleta miaka elfu ya amani. Wenye maoni kama yake walitaja mfano wa ngano na magugu, kwamba vyote hukua pamoja hadi mavuno. Kwa hiyo kanisa lisitegemee kwamba dunia itajitengeneza yenyewe polepole, bali limtazamie Bwana mwenyewe. Aliamini pia kwamba Mungu hajawaacha Wayahudi, na kwamba ahadi alizowapa kupitia manabii zitatimizwa.

Mwaka 1847 alitoa kitabu kuhusu alama za unabii. Mchungaji mwenzake David Brown, aliyewahi kuwa msaidizi wa Irving na kisha akabadili msimamo, alikuwa ametoa kitabu cha kutetea kwamba Kristo atarudi baada ya miaka elfu. Bonar alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1849. Mwaka huo huo alianza kuhariri jarida la unabii lililotoka kila baada ya miezi mitatu, naye akaendelea nalo hadi mwaka 1873. Hiyo ni karibu robo karne ya kazi ambayo haikumletea sifa nyingi, kwa maana katika kanisa lake waliokubaliana naye walikuwa wachache.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari huko Marekani, mkulima Mbaptisti aitwaye William Miller alikuwa amehesabu zile siku 2,300 za kitabu cha Danieli akapata kwamba Bwana angekuja kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Muda ulipopita, wafuasi wake waliweka tarehe nyingine, 22 Oktoba 1844. Maelfu walingoja. Siku ikapita, na wengi wakalia hadi asubuhi. Tukio hilo liliwafanya watu wengi, hata Ulaya, wacheke kila aliyezungumza juu ya kurudi kwa Yesu. Ni katika hali hiyo ya dhihaka Bonar aliendelea kuandika. Alichosisitiza ni Bwana anayekuja na utayari wa wanaomngoja. Alijua vizuri kwamba Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi kuwa siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba.

Makaburi madogo

Imani ya mtu haijaribiwi na mabishano ya vitabu pekee. Horatius na Jane walizika watoto watano, mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado wadogo. Wazazi walio kati yetu waliopitia njia hiyo hawahitaji maelezo zaidi.

Alikuwa ameandika katika miaka ya 1840 kitabu cha kuwafariji wanaoteseka, alichokiita Usiku wa Kilio. Mwaka 1850 akatoa cha kukifuatia, Asubuhi ya Furaha. Majina hayo mawili yanatoka katika wazo la Zaburi ya 30, na ukiyaweka pamoja unayo thiolojia yake yote. Usiku ni sasa. Kilio ni kilio kweli, wala Mkristo hatakiwi kujifanya haoni giza. Asubuhi ni kuja kwa Bwana, wakati wafu katika Kristo watakapofufuliwa. Kwake Bonar, kurudi kwa Yesu kulikuwa siku ambayo angewaona tena watoto wake. Ndiyo maana hakuweza kulizungumzia jambo hilo kama mchezo wa hesabu.

Miaka mingi baadaye binti yake mmoja aliyebaki alifiwa na mume. Alirudi nyumbani kwa wazazi wake akiwa na watoto watano. Wengi wangeona huo ni mzigo kwa wazee. Bonar alimshukuru Mungu, akasema na rafiki kwamba watano walichukuliwa na sasa watano wameletwa awalee kwa ajili ya Bwana.

Nyimbo kutoka daftari ndogo

Nyimbo nyingi aliziandika kwa penseli katika daftari ndogo, nyingine akiwa safarini kwa treni. Mara nyingi hakuandika tarehe. Alipoulizwa baadaye wimbo fulani aliutunga lini au kwa sababu gani, mara nyingi hakukumbuka. Mwaka 1846 ulichapishwa wimbo wake unaojulikana kuliko yote, ule wa mtu aliyechoka aliyesikia sauti ya Yesu ikimwita apumzike, anywe maji ya uzima, na atembee katika nuru. Kila ubeti una nusu mbili: kwanza Yesu anaita, kisha mwenye dhambi anaitika. Wanakwaya wanaojua kuitikiana wataelewa mara moja kwa nini wimbo huo huimbika vizuri.

Mwaka 1855 ndugu yake John James, mchungaji wa Greenock, alimwomba wimbo wa kuchapishwa baada ya Meza ya Bwana. Horatius akaandika wimbo wa ushirika ambao hadi leo huimbwa makanisani mwa madhehebu mengi. Humo msharika anaketi mezani, anaona mkate na divai vimekwisha, naye anainua macho kuitazama karamu ya Mwana-kondoo. Tunakumbuka alivyosema Mtume Paulo, kwamba kila tulapo mkate huo na kukinywea kikombe twaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo. Bonar hakuyaruka maneno hayo mawili ya mwisho. Mara baada ya hapo alisafiri jangwa la Sinai na nchi ya Palestina, akaandika vitabu viwili kuhusu safari hiyo.

Kati ya mwaka 1857 na 1866 alitoa mikusanyo mitatu ya nyimbo za imani na tumaini. Jambo la kushangaza ni hili: nyimbo hizo ziliimbwa Uingereza na Marekani na watu wa kila dhehebu, lakini katika kanisa lake mwenyewe hazikuimbwa. Jumapili baada ya Jumapili mtunzi alisimama mimbarani huku washirika wake wakiimba Zaburi peke yake. Aliheshimu utaratibu wa kanisa lake wala hakulazimisha.

Edinburgh, na kinanda cha Sankey

Mwaka 1866 alihamia Edinburgh kuwa mchungaji wa kanisa lililojengwa kwa kumbukumbu ya mwalimu wake Chalmers. Mwishoni mwa mwaka 1873 mwinjilisti Dwight Moody alifika mjini kutoka Marekani pamoja na mwimbaji Ira Sankey, aliyeimba akijipigia kinanda kidogo. Waskoti wengi walishtuka. Mchungaji mmoja mashuhuri wa kaskazini, John Kennedy wa Dingwall, alitoa kijitabu cha kupinga uamsho huo. Bonar, ambaye sasa alikuwa na miaka 65, alichukua kalamu akautetea.

Katika mkutano mmoja wa mwaka 1874, Moody alihubiri juu ya Mchungaji Mwema. Bonar naye akaombwa aongeze neno, akalisema kwa namna iliyowagusa watu sana. Kisha Moody akamgeukia Sankey aimbe wimbo unaofaa. Sankey hakuwa na wimbo tayari. Mfukoni alikuwa na kipande cha gazeti alilonunua kituoni alipokuwa akipanda treni Glasgow, chenye shairi la Elizabeth Clephane kuhusu kondoo mmoja aliyepotea na tisini na tisa waliobaki salama. Alikiweka juu ya kinanda, akaomba kimoyomoyo, akaanza kuimba huku akitunga sauti papo hapo. Wimbo huo ukaenda duniani kote.

Milango ilikuwa inafunguka. Katika miaka ya 1870 Kanisa Huru liliruhusu nyimbo katika ibada, na mwaka 1883 likaruhusu vinanda. Mwaka huo huo wa 1883 Horatius Bonar alikuwa Moderata wa Mkutano Mkuu. Lakini mambo hayakuwa mepesi hata hapo. Inasimuliwa kwamba siku wimbo wake mmoja ulipoimbwa hatimaye katika kanisa lake mwenyewe, wazee wawili wa kanisa waliinuka wakatoka nje. Mwalimu wa kwaya yeyote aliyewahi kuleta wimbo mpya ataisoma habari hiyo akitabasamu.

Jubilei na mwisho wa safari

Mwaka 1888 kanisa lilimfanyia sherehe ya jubilei ya miaka 50 ya uchungaji. Nguvu zake zilikuwa zimekwisha na hakuweza tena kuhubiri. Alifariki Edinburgh tarehe 31 Julai 1889, akiwa na miaka 80. Bwana aliyemngoja maisha yake yote hakuwa amekuja. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la Canongate, na huko anangoja bado.

Aliacha ombi kwamba asiandikiwe kitabu cha maisha yake. Ndugu zake waliliheshimu, na ndiyo sababu habari zake ni chache kuliko za wenzake. Kurasa hizi chache hazikusudii kumtukuza. Zinataka tu kutusaidia tuimbe tukijua.

Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 1891, mmisionari wa Kanisa Huru, Dkt. James Stewart, aliongoza msafara wa Waskoti hadi Kibwezi. Mwaka 1898 misheni hiyo ilihamia Kikuyu. Kwa njia hiyo na nyinginezo, nyimbo za kizazi cha Bonar na Sankey zilifika nchini mwetu, zikatafsiriwa, zikapata sauti zetu na ngoma zetu.

Kwetu sisi

Tuna nini cha kujifunza? Katika ushirika wetu wenyewe hatufanani sote kuhusu namna unabii utakavyotimia. Wako wanaoamini miaka elfu ni halisi na wako wanaoiona kuwa ishara. Bonar alikuwa na msimamo na hakuuficha. Hata hivyo nyimbo zake ziliimbwa na waliompinga vitabuni, kwa sababu alipofika kwenye wimbo aliimba lile ambalo wote wanalikiri: Yesu aliyepaa atarudi vivyo hivyo. Kwaya yenye hekima hufanya hivyo. Mjadala una mahali pake katika mafunzo ya Biblia, na wimbo unatukusanya sote.

Tena, alingoja akifanya kazi. Aliyetazamia Bwana aje wakati wowote ndiye aliyewafundisha watoto wa Leith, akazunguka Kelso kwa miaka 29, akalea wajukuu watano. Anayesema Bwana yu karibu, kisha akaacha kuja mazoezini Jumamosi, hajamwelewa mwenye nyumba aliyewaachia watumishi kila mmoja kazi yake.

Mwisho, tumaini lake lilipita makaburini. Tunaposimama kuimba kwenye mazishi ya mwenzetu, na tumefanya hivyo mara nyingi katika miaka hii, tunasimama mahali alipokuwa Bonar kila alipotoka kumzika mtoto. Usiku ni mrefu, na asubuhi ni ya Bwana.

Kwaya yetu na iimbe hadi siku hiyo. Wale waliotutangulia watakapoamka, watukute bado tuko kwenye wimbo, kila mtu akiishika sauti yake.

Maranatha. Bwana wetu, njoo. Amina.